Paa Lililoshuka Iyunga

Jumamosi ya kwanza ya Juni 1955, saa nne asubuhi, Juliana alisimamisha mpini wa jembe katikati ya nyumba yake ya Iyunga, akaona kwamba paa limeshuka shubiri nyingine. Alitia alama kwa mkaa, akaketi kwenye kigoda, akaendelea kuchambua maharage. Mtu pekee aliyeweza bado kusimama wima mle ndani alikuwa binti yake Atupele, mwenye miaka mitano, na asubuhi hiyo nywele zake ziligusa nyasi za paa.

"Mama, nimekua," alisema Atupele.

"Umekua," alijibu Juliana. Maharage mazima na mabovu yakaingia chungu kimoja.

Paa lilianza kushuka wiki ile mumewe, Sedekia, aliporudi kutoka migodi ya dhahabu ya kusini. Alirudi na blanketi mbili, sanduku la bati na kikohozi. Alilala kitandani mwake, na asubuhi Juliana akagonga kichwa kwenye boriti ambayo hakuwahi kuifikia hata kwa mkono. Alichimba kando ya nguzo aone kama zinazama. Hazikuwa zikizama, wala mchwa hawakuzila. Zilikuwa fupi tu.

Walijaribu kuhama. Muhidini, fundi cherehani mwenye duka kando ya barabara kuu, aliwapa stoo yake. Siku ya tatu mlango ulikataa kufunguka kwa kuwa boriti ilikuwa imeukalia, naye akawaomba kwa heshima warudi kwao. Kanisani, mzee wa kanisa alimsihi Sedekia asikilize mahubiri akiwa nje, kwa usalama wa kengele. Akilala uwanjani, ukungu wa Mbeya ulimshukia kifuani, akakohoa vumbi jeusi mpaka kukicha. Basi alirudi ndani, akalaza sikio sakafuni, na hapo ndipo aliposhinda kila siku.

Zilibaki shubiri tano. Paa lilishuka shubiri moja kwa wiki, halikuchelewa hata mara moja. Juliana alifunga mzigo mara mbili ili ampeleke mtoto kwa mama yake Rungwe, na mara mbili akaufungua.

"Nendeni tu," Sedekia alimwambia. "Mimi nitabaki huku chini."

Juliana aliona kwamba mumewe alisema "huku chini", hakusema "nyumbani". Alimtumia shangazi yake salamu za haraka.

Shangazi Damari alikuwa ameongoza ngoma za misiba Rungwe kwa miaka thelathini. Alifika na mkungu wa ndizi kichwani, akautua nje, akaingia kwa magoti bila kuuliza chochote kuhusu mlango. Walipomaliza kusalimiana alimgeukia Sedekia.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Wote wazima."

"Mwanangu, nimezeeka lakini pua yangu haijazeeka. Nyumba hii ina msiba. Nani kafa?"

Sedekia alikiweka kikombe cha chai sakafuni. Kisha akasema ni watu watatu waliokuwa zamu moja naye: Kalinga, Danieli, na Ambrosi wa Iringa. Mwamba uliporomoka. Yeye alitoka.

"Mliwazika?"

"Kampuni ilifunga shimo."

"Mliwachezea ngoma?"

"Mgodini hakuna wa kumchezea mtu, shangazi."

Damari aliguna. "Sisi tukifiwa, tunaigiza wazimu kwa siku moja, mbele za watu, watoto wacheke na wazee waone. Tunauigiza ili usije wenyewe. Wewe hukuuigiza. Sasa umekuja, na umekaa juu ya paa lako."

Alitaka kujua kama kuna mke wa marehemu anayejulikana aliko. Sedekia alimjua mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia Ambrosi barua za nyumbani. Barua ikaandikwa. Baada ya wiki mbili Rozalia, mke wa Ambrosi, alishuka kwenye lori la Iringa akiwa amevaa nguo nyeusi, rozari mkononi. Alikuwa na karatasi ya kampuni iliyosema mumewe alifariki kwa homa.

"Kamwene," alisalimu mlangoni, kisha akapiga magoti, akaingia.

Paa lilikuwa limebakiza shubiri tatu. Atupele alikuwa ameanza kutambaa tena.

Jumapili baada ya ibada walikusanyika majirani wanane kuigiza msiba wa mgodini, wakajipenyeza ndani mmoja mmoja. Damari alisema hakuna haja ya kujenga mgodi, nyumba imeshapata kimo chake. Alimlaza jirani mmoja awe Kalinga, mwingine awe Danieli. Alipouliza nani atakuwa Ambrosi, Rozalia alivua viatu.

"Nimelala naye miaka tisa," alisema. "Najua anavyolala."

Ikabaki nafasi ya bwana mkubwa wa mgodi, na wote wakatazama mikeka.

"Nipeni mimi," alisema Muhidini. "Suruali za wazungu nazishona kila siku. Najua zinapobana." Alichukua sufuria ya Juliana, akaivaa kama kofia ya mgodini, akabinua mdomo. Watu walicheka, wakigongana vichwa.

Damari alipiga debe mara moja. Huo ulikuwa mwamba. Kalinga na Danieli wakatulia. Rozalia akamshika Sedekia kifundo cha mguu, kama alivyoelekezwa. Muhidini akanyoosha kidole. Alikuwa amepanga kusema neno la kuchekesha kuhusu suruali, lakini kabla hajalisema, chini ya sakafu kuligongwa. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alianza kusali kwa Kisafwa.

"Endeleeni," alisema Damari.

"Ni mawe yanajipanga," alisema Muhidini, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye kiburi cha mtu aliyeshiba. "Fungeni shimo. Wewe, weka dole gumba hapa, kwamba chini hakuna aliye hai. Utapewa blanketi mbili."

Alinyoosha karatasi ya kukatia vitambaa. Paa likashuka shubiri nzima kwa mkupuo. Watu wote wakalala kifudifudi. Juliana alimvuta Atupele chini ya kifua chake, akasikia moyo wa mtoto ukienda mbio kama wa kuku aliyeshikwa miguu. Nyasi zilimgusa mgongoni. Kugonga kuliendelea chini ya tumbo lake.

Ndipo Sedekia alipoanza. Alibweka. Alijipaka majivu ya jikoni usoni, akatafuna udongo wa sakafu, akaukwangua kwa kucha, akaimba wimbo wa unyago wa wanawake ambao mwanamume hatakiwi hata kuujua. Damari alimfuata kwa debe, pole pole, bila kumwacha. Sedekia aliichana karatasi ya Muhidini kwa meno.

"Wako hai!" alilia. "Siku tatu niliwasikia! Kalinga yu hai!"

Paa likapanda shubiri moja.

"Danieli yu hai!"

Likapanda tena.

Kisha akakwama. Jasho lilichora michirizi kwenye majivu. Damari hakumhimiza. Sedekia alitazama mkono ulioshika mguu wake.

"Ambrosi alinishika hapa," alisema. "Alisema, ndugu, usiniache. Nikavuta mguu."

Rozalia hakuachia. Alikaa hivyo muda wa kutosha chungu kuchemka. Kisha vidole vyake vikafunguka, kimoja kimoja, na nyumba ikasimama kama siku ilipojengwa.

Wafu watatu, wenyewe na si waigizaji, wakatoka chini ya mikeka, wamejaa vumbi, wakaomba maji. Juliana aliwapa. Kalinga na Danieli walishukuru, wakauliza njia za kwao, wakaenda. Sufuria haikutoka kichwani mwa Muhidini mpaka Alhamisi. Alishona hivyo hivyo, na wateja wakamwita bwana mkubwa.

Jumatatu Sedekia, Rozalia na Ambrosi walikwenda ofisi ya kampuni mjini. Karani, Edmund, kijana nadhifu, aliwaomba wapange mstari.

"Nimekuja kuliondoa dole langu," alisema Sedekia. "Nilisema uongo. Walikuwa hai."

"Dole likishawekwa ni la kampuni, mzee."

"Na mume wangu hakufa kwa homa," alisema Rozalia. "Muulize mwenyewe, huyu hapa."

Edmund alimtazama Ambrosi, akafungua kitabu kikubwa, akafuata mstari kwa rula.

"Kitabu kinasema homa. Kama ana maelezo mengine, alete cheti cha daktari wa mgodi."

Ambrosi alieleza kwa utaratibu jinsi walivyogonga siku tatu, na jinsi siku ya nne Danieli alivyochoka. Kila neno lilidondosha vumbi mezani. Alipomaliza, Edmund alilifuta kwa kitambaa, akaita, "Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa kijana wa Usangu aliyekuja kujiandikisha kazi ya mgodini. Nyuma yake mstari ulifika barabarani, na ndani ya mstari walikuwamo majirani wawili waliolala kifudifudi jana yake. Hawakumtazama Sedekia machoni. Mmoja alisema tu, "Tufanyeje, kaka?"

Ambrosi alimsindikiza mkewe hadi Iringa. Padri alimwombea, kaburi likachimbwa, naye akajilaza mwenyewe, maana alikuwa amechoka.

Sedekia alianza kulala usingizi wa kawaida. Aliogopa bado, lakini aliogopa akiwa amesimama. Juliana aliendelea kupima kila Jumamosi, na paa lilibaki pale pale.

Mwisho wa Julai lori la kampuni lilipita Iyunga. Lilishusha watu tisa, kila mmoja na blanketi mbili, likapakia thelathini. Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, mke wa jirani mmoja kati ya wale tisa alibisha hodi, akiwa ameshika kichwa mahali palipovimba.

"Dada Juliana," alisema, "naomba kuazima mpini wa jembe."

Juliana alimpa, pamoja na kipande cha mkaa.