Hakupepesa Jicho

Mwanangu Emanueli alipofaulu kidato cha sita kwa A tatu, watu walikuja kunipongeza mimi kana kwamba mtihani niliufanya mimi. Nilizipokea pongezi zote, nikawapikia chai. Leo hao hao wanapita njiani wakisema Mama Emanueli ana kichaa, amemwonea wivu mtoto wa tumbo lake, amekinyima kijiji daktari. Waseme, usiku watalala.

Kijiji chetu kiko juu huko, ukishapita Itiryo. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja, na yeye akienda likizo zahanati nayo inakwenda likizo. Ndiyo maana watu wa kwetu waliotawanyika Mwanza na Dar es Salaam walipounda Umoja wao, wakaamua kumsomesha mtoto mmoja udaktari kwa sharti kwamba akimaliza arudi kututibu, nilipiga vigelegele. Jambo lilikuwa jema. Lililoliharibu ni sharti la pili, ambalo liliwekwa na Mwalimu Hezekia, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati hapa kijijini. Alisema mwenye alama za juu kuliko wote ndiye atakayekwenda, basi.

"Alama hazina ukoo," alituambia. "Tukianza kuangalia mtu, kesho mtasema tumependeleana."

Watu wakapiga makofi, maana upendeleo tunaujua, umetuumiza sana. Mwenye alama za juu akawa Emanueli.

Sasa nieleze huyo Emanueli ni nani, kwa kuwa kamati haikujali kuuliza. Mwanangu anapenda madaraja. Kijito chetu kikijaa wakati wa masika, wenzake walifurahi kwamba hakuna kwenda shule. Yeye alikuwa anachomeka fimbo ukingoni aone maji yamepanda kiasi gani, kisha anarudi kuchora daraja kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu. Kidato cha nne alipata A katika masomo yote ya sayansi, akaomba aendelee na hesabu na fizikia. Walimu wake wakamcheka. A ya baiolojia unaipeleka wapi, wakamwuliza, unataka kuitupa? Baba yake, Nchagwa, akasema walimu wamesoma kuliko sisi. Mtoto akapelekwa kwenye baiolojia, akaikariri, akapata A nyingine. Na mtoto huyo huyo, kukichinjwa kuku hapa nyumbani, anakwenda kujificha nyuma ya nyumba mpaka kuku aingie chunguni.

Mtu ataniuliza, mbona alisimama kwenye kisu? Ni kweli, alisimama. Siku ya kutahiriwa alisimama mbele ya ukoo mzima, hakupepesa jicho, kama inavyotakiwa kwa kijana wa Kikurya. Mimi sikuwepo pale, mama haendi. Nilimpokea njiani wakimleta kwa nyimbo na marungu, nikauona uso wake. Ulikuwa umekauka, macho yanatazama mbali, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Wanaume walimsifu njia nzima. Jioni, walipomwacha peke yake ndani, nilisikia meno yake yakigongana. Uso ule ninaujua.

Niliuona tena siku ya sherehe ya kumpongeza. Umoja ulitoa dume la ng'ombe, watu wakajaa uani kwetu tangu asubuhi. Mchinjaji alikuwa Mwikwabe, mdogo wake mume wangu, ambaye pia ni mjumbe wa kamati. Mwikwabe ni mtu wa mkono wa kushoto, kisu anakishika kwa kushoto. Wakati wa kuchuna ngozi wazee wakasema daktari aje ashike mguu wa ng'ombe, azoee kazi. Watu wakacheka. Emanueli, ndani ya shati jeupe alilonunuliwa kwa ajili ya siku ile, akaja akaushika mguu.

Mimi nilikuwa jikoni nje, nasonga ugali pamoja na Gati, binti wa jirani. Gati naye alimaliza kidato cha sita mwaka huo huo. Alipata B ya baiolojia, C ya kemia na D ya fizikia, kwa sababu muda wa wenzake kujisomea yeye alikuwa nyumbani anamgeuza mama yake aliyepooza asipate vidonda. Kijiji hiki mtoto akiungua uji na muuguzi hayupo, anayefuatwa ni Gati. Alama zake vyuo vinazikubali kuomba nafasi. Kamati yetu ilimweka wa nne.

Kisu kiliteleza. Kiliingia mkono wa kulia wa Mwikwabe, upande wa ndani, juu kidogo ya kiganja, na damu ikaruka mpaka kwenye shati la mwanangu. Wanawake walipiga mayowe, wanaume wakaanza kuitana. Emanueli alikuwa karibu kuliko watu wote, naye alibaki vilevile, ameshika mguu wa ng'ombe.

Gati aliuacha mwiko umesimama kwenye ugali. Alikimbia huku anavua khanga aliyojitanda, akamlaza Mwikwabe chini, akaikunja khanga na kuikandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili, kisha akauinua ule mkono juu.

"Baba, niangalie mimi, usiangalie mkono," alimwambia. "Nitajie ng'ombe zako kwa majina. Mmoja mmoja."

Mwikwabe akaanza kutaja ng'ombe zake. Alipofika kwa mtoto wa yule mwekundu aliyemtolea mahari mke wake wa kwanza, pikipiki ilikuwa imefika. Gati akapanda nyuma yake bila kuachia ile khanga, wakaondoka kuelekea kituo cha afya.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha jieleza. Nani angehitaji maelezo zaidi? Mwalimu Hezekia akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu zangu, tusiharibu sherehe, Mwikwabe atapona. Lakini mmemwona daktari wetu? Damu imemrukia mwilini, hakutetereka! Hakupepesa jicho!"

Makofi yalilipuka. Wazee waligonga fimbo chini. Nikamtazama mwanangu, nikaona ule uso wa njiani, macho yako mbali, vidole bado vimeng'ang'ania kwato. Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuipata tena. Nilitembea mpaka mbele na mabaki ya ugali mikononi, nikampokonya Mwalimu kipaza sauti.

"Hakupepesa jicho kwa sababu hakuwepo!" nilisema. "Mtu anamwaga damu miguuni pake, yeye ameshika kwato! Huo ndio udaktari? Aliyekuwepo ni Gati. Mmemwona wote kwa macho yenu, halafu makofi mnampigia aliyesimama!"

"Mama Emanueli, kaa chini," mume wangu alisema.

"Sikai."

Nikamgeukia mwanangu. Nilijua ninachomwomba. Kwetu sisi kukataa mbele ya ukoo ni sawa na kulia kwenye kisu, jina la mwoga linakufuata mpaka kaburini. Lakini niliona ni afadhali alie siku moja kuliko kukauka maisha yake yote, na wagonjwa wafe mbele yake.

"Emanueli. Udaktari unautaka?"

"Mura, jibu kiume," baba yake akasema, akimwita kama tunavyowaita vijana waliotahiriwa.

Vidole vya Emanueli vikaachia ule mguu wa ng'ombe.

"Sitaki," alisema. "Baba, sitaki. Sijawahi kuutaka."

Akalia. Akalia mbele ya wanaume wote, na shati lake lenye damu, bila kujificha. Baba yake aliinuka akaingia ndani. Mimi nilisimama kando ya mwanangu, na nasema wazi kwamba sijawahi kujivunia mtoto kama siku ile, hata siku ya zile A tatu.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa shuleni kuchagua mwingine. Nilikwenda, nikasimama mlangoni, sikungoja kuitwa.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kumsemea Gati."

"Marahaba, Mama Emanueli. Gati ni wa nne. Anayefuata ni mtoto wa Mogesi."

Mogesi ni wa kwetu aliyehamia mjini, na mtoto wake amezaliwa Dar es Salaam, amekulia Dar es Salaam. Akija huku likizo anatafutiwa mtu wa kumtafsiria anapomsalimia bibi yake. Simlaumu, ni mtoto mwenye adabu na amesoma kwa bidii. Lakini yule bibi akija kumwambia maumivu yako wapi, wataelewanaje? Niliwauliza hivyo. Niliwauliza pia kama kuna mmoja wao anayeamini kwa dhati kwamba atarudi kuishi juu huku. Wote waliangalia meza.

"Gati mmemwona akifanya kazi," nikasema. "Mnataka mtihani gani mwingine?"

"Tumemwona," Mwalimu Hezekia alijibu kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko angenifokea. "Lakini kuona hakuna alama, mama. Wa Dar es Salaam watatuuliza tulitumia kigezo gani. Tutawajibu nini? Kwamba alitaja ng'ombe?"

Wakacheka kidogo, kama watu wanaotaka jambo liishe. Mwikwabe alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi. Nikamtazama yeye. Nilijua kura moja ikisema ukweli, nyingine zitafuata.

"Wanaomkubali mtoto wa Mogesi wanyooshe mikono," Mwalimu alisema.

Mikono ikapanda. Wa Mwikwabe ulichelewa, kisha nao ukapanda. Ulikuwa mkono wa kulia, maana mbele ya wazee wa kushoto haunyooshwi, umefungwa bandeji kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko, na alivyokuwa anaunyanyua nilimwona anakunja uso kwa maumivu.

"Shemeji," nilimwambia, "huo mkono bado uko hapo kwa sababu ya nani?"

"Shemeji, mimi namshukuru sana yule binti," alisema. "Nitampa hata mbuzi. Lakini D ya fizikia ni D."

Niliondoka. Mwanangu sasa ameomba chuo cha uhandisi, aanze na stashahada kwa alama zake za kidato cha nne, na baba yake bado anamsalimia kupitia kwangu. Gati amejiandikisha kurudia fizikia. Jioni Emanueli anakwenda kwao kumfundisha jiwe linavyoanguka, na mama yake Gati anasikiliza kutoka kitandani.

Asubuhi ya pili baada ya kikao kile nilimwona Gati akipita mbele ya nyumba yangu na beseni ndogo, amefunika kwa kitambaa safi. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Kwa baba Mwikwabe, mama," alisema. "Leo ni siku ya kumbadilishia bandeji."

"Unajua alipiga kura gani?"

"Najua, mama."

Nilimfuata mpaka uani kwa Mwikwabe, maana nilitaka kuona atamtazamaje. Gati aliweka beseni chini, akapiga goti, akamwamkia shikamoo, kisha akamwomba anyooshe mkono.