Matete ya Mwalimu Khavere

Masika haya mto ulibomoa ukuta wetu wa kukinga pampu kwa mara ya tatu. Tuliukuta asubuhi umelala kifudifudi majini, na nyumba ya pampu imebaki ukingoni kama jino bovu. Pampu hiyo ndiyo hutupandishia maji ya kunywa hapa kilimani, karibu na Gakindu. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha maji. Niliyatazama yale mawe, nikajua siwezi kuyabeba tena.

"Tujenge ingine," alisema Wambugu, jirani yangu, bila nguvu.

"Wewe ndio utabeba?" Tabby wa kikundi chetu akamuuliza. "Mgongo yangu ilienda na hiyo ukuta."

Tukaufuata mto kwenda juu kutafuta mawe. Kwa Mwalimu Khavere, mjane aliyetoka Vihiga zamani kuja kufundisha huku, tukasimama. Ukingo wake haukuwa na jeraha. Matete yalikuwa yamelazwa na mafuriko, lakini mizizi imeshika udongo, na maji yanapita katikati taratibu kama ng'ombe walioshiba.

Kwetu mkulima hupimwa kwa usafi wa shamba. Tulikuwa tumefyeka kila unyasi hadi majini. Mwalimu tulimwita mvivu, hata mlangoni pa kanisa.

"Mwalimu, hii maarifa ulisomea wapi?" nikamuuliza.

"Maarifa gani, mzee? Mume wangu alipokufa nilichoka kupalilia huko chini. Yakaota yenyewe."

Nikamwomba mbegu. Akaturuhusu tuchimbe mizizi tukapande kwetu.

Lakini ukingo wa kupanda matete, ulio juu ya pampu, una kabichi zangu, kisha za Wambugu. Zilikuwa zimeanza kufunga vichwa. Zangu nilizipanda kwa kamba, mistari imenyooka, na wapita njia husimama kuzitazama.

"Mwenyekiti ndiye huanza," Wambugu akasema haraka. "Ama ni mwenyekiti wa mkutano tu?"

Nikavua viatu, nikainama, nikang'oa ya kwanza. Nikang'oa ya pili. Tabby akatia mzizi wa matete shimoni, akaukanyaga kwa kisigino.

Tulipomaliza mstari wa tatu, Wambugu bado alikuwa amesimama mpakani.

"Sasa mtang'oa mpaka wapi?"

"Mpaka kwako," nikasema.

Akaitazama pampu. Akazitazama kabichi zake. Akaketi kwenye nyasi, akaanza kuvua viatu.