Mchango wa Lupembe

Conjesta, mtoto wa kaka yangu, ni daktari asiyejua kuchoma sindano. Anachunguza tumbo la dunia. Tetemeko likitokea mbali, ng'ambo ya bahari, mtikisiko wake hupenya hadi kwenye kiini cha dunia, kisha hutokea kwetu Lupembe na habari za huko ulikopita. Kazi yake ni kuusikiliza. Watu wakimcheka mbele yangu, nawaka.

Mwaka jana wataalamu wa nchi nne waliomba kwa pamoja fedha za utafiti huo. Wafadhili walilala Njombe mjini, asubuhi wakapanda kwetu kuona mahali pa kufukia chombo cha kunasa mitetemo. Sharti lao lilikuwa moja: kila nchi ilete mchango wake, na isiyo na mchango haiongozi chochote. Wenzake walileta mitambo na meli. Chuo cha Conjesta hakikuwa na kitu. Angebaki mlinzi wa chombo, matokeo wakayasome wengine huko Ulaya.

Balaa juu ya balaa, walipokijaribu chombo, lori la majani ya chai likapita. Mistari kwenye kompyuta ikarukaruka ovyo. Mgeni mmoja akasema pana kelele mno, na Conjesta akainamisha kichwa mbele ya kijiji kizima.

Hapo nikasimama. Mwenyekiti wa wakulima wa chai ni mimi.

"Na lori lisipopita?"

"Shangazi, majani yatafikaje kiwandani?"

"Lisubiri ng'ambo ya kilima. Tutabeba."

Romani, ambaye kupinga ndiyo starehe yake, akaguna. "Kilima chote kile?"

"Harusi za watu unachangia, Romani. Huyu ni mtoto wetu!"

Wanawake wakapiga vigelegele, na banda la kupimia majani likahamishiwa ng'ambo ya kilima.

Mama mmoja miongoni mwa wafadhili akauliza kama utulivu huo utadumu. Nikamwambia, mpaka mtoto wetu amalize kazi. Akasema hakuna nchi iliyowaletea kitu kama hicho, wakauandika utulivu wetu kuwa mchango wa Tanzania. Leo Conjesta anaongoza utafiti wote wa upande huu wa Afrika, nami najivuna wazi, anayechukia achukie.

Juzi mfanyabiashara kutoka Makambako alinikuta nakipanda kilima, kapu la majani mgongoni, jasho linanitiririka.

"Kamwene, mama. Pole! Hamna hata mfadhili wa kuwasaidia gari?"

Nikalitua kapu, nikajinyoosha.

"Mfadhili ndiye huyu unayeongea naye."