Mkeka wa Tekinati

Ioteba alikuwa shimoni hadi kiunoni, akichimba kaburi la kaka yake pembeni mwa nyumba, sepetu yake ilipogonga kitu. Akainama, akafukua kwa vidole.

"Jamani, humu kuna mtu."

Hakuna aliyeshtuka. Betio ni kisiwa cha Pasifiki cha kumaliza kwa miguu kabla wali haujaiva, na katika Vita Kuu ya Pili wageni, Wamarekani na Wajapani, waliuana hapo kwa maelfu, siku tatu tu, kisha waliobaki wakaondoka. Ukichimba choo, mtu. Ukichimba banda la nguruwe, mtu. Wenyeji hawakuwa na ugomvi na upande wowote, ila mifupa waliachiwa wao.

"Mtie kwenye gunia, kesho tuwapelekee polisi," alisema shemeji yake, Bureimoa. "Tebau anangoja."

Tebau, marehemu, alikuwa ndani siku ya tatu, sukari imemmaliza bado kijana. Mama yao, bibi kizee Nei Kaobunang, alikuwa kichwani pake akimfukuzia nzi. Aliposikia neno gunia alinyanyuka, magoti yakilia, akatoka nje.

"Gunia? Huyo ni kopra, nazi kavu ya kuuza?"

"Mama, rudi ndani."

"Nimeuliza, ni kopra? Nipe kichwa chake. Taratibu! Hata wewe ulibebwa."

Akakipokea kwa mikono miwili, akaketi mchangani. Meno yalikuwa mazima yote, meupe, meno ya mtoto wa watu ambaye hata ndevu hazijamwota. Kando yake hapakuwa na kofia wala kifungo.

"Mmarekani au Mjapani?" Bureimoa aliuliza.

"Muulize mwenyewe," bibi alijibu.

Akaagiza maji ya kisima na mafuta ya nazi. Akakiosha kile kichwa, akakipaka mafuta, akawasha sigara, akaiweka karibu na meno, moshi upite. Hivyo ndivyo bibi yake mwenyewe alivyokuwa akimtunza babu yao wa zamani, kichwa chake kikikaa rafuni kama mtu wa nyumbani.

Katekista alikohoa. "Nei Kaobunang, mambo hayo tuliyaacha."

"Wewe uliyaacha. Mimi nilipumzika tu."

Watu wakacheka, msibani hapo hapo. Kisha bibi akamgeukia mwanawe.

"Ioteba, kanitolee ule mkeka sandukuni."

Kila mtu wa nyumba ile aliujua ule mkeka. Mama yake Nei Kaobunang, bibi yake Ioteba, aliusuka kwa majani ya mkadi, laini kama kitambaa, kwa ajili ya mwanawe wa kiume, Tekinati, aliyekwenda kisiwa cha Banaba kuchimba mawe ya mbolea, vita vikamkuta huko, asirudi. "Mifupa yake ikija, umlaze humu," mama alimwambia bintiye akikata roho, "na asilale mwingine." Tangu hapo bibi aliuanika juani kila mwaka, akaukunja tena. Mumewe alipokufa hakumpa. Juzi Tebau alipokufa hakumpa, na Ioteba aliona, akameza.

Sasa hakumeza.

"Mama! Kaka yangu umemnyima, umemlaza kwenye mkeka wa sokoni, halafu huyu usiyemjua baba yake wala mama yake ndiye unampa? Haki iko wapi?"

Bibi hakumkaripia. Sauti yake ilishuka.

"Tebau ana mama wa kumlilia, mwanangu. Nimemfumba macho kwa mkono wangu, na kila asubuhi nitamwamkia hapa mlangoni. Huyu, mama yake alikufa akitazama njia. Kama mama yangu." Akakipapasa kile kichwa. "Tekinati haji, Ioteba. Nimejua zamani, ila kusema ndiko kulikonishinda. Alipo, labda kuna watu wamemkuta wakichimba kama ninyi. Sipendi wawe walimtafutia gunia."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, na hakuna aliyejua anamlilia yupi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; mzazi mwenyewe huenda naye alichanganya.

Ioteba alikwenda sandukuni. Alitupa mkeka karibu na miguu ya mama yake na kurudi shimoni. Jua lilipopinda Tebau alizikwa, na kando yake, kwenye shimo fupi, yule mgeni.

Baada ya miezi miwili wakaja watu wa ng'ambo wanaotafuta waliopotea vitani. Walikuwa na adabu, walivua viatu. Wakafukua polepole, wakaipanga mifupa kwenye sanduku jeupe, na mkubwa wao akasema bado hawajui ni wa taifa gani, wataipima huko waendako. Kisha akaukung'uta mkeka mchanga, akaukunja vizuri, akamnyooshea bibi.

Bibi aliutazama. Mikono yake ilikuwa imeanza kunyooka, maana alikuwa ameutunza miaka mingi.

Ioteba akaingia katikati. Akautwaa mkeka, akaulaza ndani ya lile sanduku, juu ya mifupa, akachomeka ncha zake pembeni.

"Huu ni wake," alimwambia yule mkubwa wao. "Amesukiwa na bibi yangu."