Upepo wa Mama Mkwe

Siku ya nne baada ya upasuaji, tumbo la mama mkwe lilikuwa bado kimya, na fundi bomba roho ilikuwa juu juu. Mkewe alikuwa nyumbani na kichanga cha wiki mbili, kwa hiyo kazi ya kumuuguza mama ilimwangukia yeye, mkwe, mtu ambaye kwa miaka sita alimwamkia mama huyu huku akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Hata kukohoa alikohoa kwa adabu.

Daktari alikuwa amemweleza fundi yote. Chakula hakishuki chenyewe kama maji kwenye bomba; misuli hujikaza na kulegea, ikikisukuma toka kooni hadi tumboni kikasagwe, kisha utumbo mwembamba unyonye cha kunyonya, na ule mpana ufyonze maji. Utumbo wa mama ulikuwa umejisokota, wakakata kipande na kuunga. Ukishashikwashikwa hivyo, utumbo husinzia.

"Ukiamka, habari ya kwanza ni upepo," daktari alisema. "Asipotoa upepo leo, na tumbo linavyozidi kujaa, itabidi nimfungue tena. Moyo wake sijui kama utastahimili."

Basi fundi akakaa kusubiri upepo wa mkwewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kulisubiri. Nesi wa zamu, mwenye sauti ya mnadani, hakumsaidia.

"Mama, umejamba?"

Wodi nzima iligeuka. Mama alivuta shuka hadi kidevuni. "Bado." Fundi akajitia kusoma maandishi ya chupa ya dripu.

Saa nne asubuhi alikuwa anamfunika miguu ndipo ukaja, na haukuwa mdogo. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Mama alifumba macho kwa aibu, na fundi, kabla hajafikiri, mdomo ukamtangulia.

"Samahanini jamani, ni mimi. Maharage ya jana hayo."

Wodi ikaangua kicheko. Fundi alijiona muungwana kwelikweli. Mchana daktari alipoingia, fundi alitoka nje ili mama apate nafasi ya kumnong'oneza ukweli. Lakini mlango haukuwa umefungwa.

"Hapana, mwanangu," alimsikia mama akisema. "Bado."

Muda si muda machela ililetwa kumrudisha chumba cha upasuaji, na nesi akamshikisha fundi karatasi ya ridhaa na kalamu. Fundi aliitazama karatasi. Angesema, angemvua mama nguo mbele ya watu. Angenyamaza, angetia sahihi kifo cha mama.

"Daktari," alisema, "ule upepo wa saa nne..."

"Ule wako wa maharage?" nesi alidakia, na watu wakacheka tena.

"Haukuwa wangu."

Kicheko kikakatika. Kwa mara ya kwanza fundi alimtazama mama mkwe usoni. "Nisamehe, mama. Mimi maharage sijala wiki nzima."

"Mama, ni kweli?" daktari aliuliza.

Mama aligeukia ukuta, machozi yakimtiririka hadi sikioni. "Alijitwika aibu yangu mbele ya watu wote hawa," alisema. "Ningemgeuza mwongo vipi?"

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua," nesi alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Daktari aliinama akaweka kipimo chake tumboni, akasikiliza hapa, akahamia pale, akarudi. Hatimaye daktari aliichukua ile karatasi mkononi mwa fundi, akaichana. "Utumbo umeamka," alisema. "Tusubiri hadi jioni."

Machela tupu ilikuwa haijafika hata mlangoni, ukaja mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Fundi, kwa mazoea, alishafungua mdomo.

"Nyamaza, mkwe," mama alisema. "Huu ni wangu."