Jaribio la Kuanguka

Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, shavu juu ya vigae, akihesabu kimoyomoyo. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Kwenye pembe ya dari alikuwa amefunga kifaa cheupe, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, na sasa ilimbidi aanguke mbele yake na kutulia dakika nzima, ili aone kama kitashtuka.

"Mtu mzima kulala chini kama gunia," alisema bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mikono kaikunja kifuani. "Ndiyo kazi hiyo?"

"Ndiyo, mama. Nikisogea kitadhani nimeamka."

Bibi aliguna. Alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa, akiwa na themanini na mbili, aliishi peke yake. Vifaa hivi, kimoja cha jikoni na kimoja cha bafuni, vilikuwa wazo la mwanawe. Yeye hakutaka hata kuvisikia.

Kifaa kililia. Ikafuata ndani yake sauti ya msichana: "Kituo hapa. Mama, umeanguka? Unanisikia?"

"Ni mimi fundi, binti. Nafanya jaribio."

"Ah, shikamoo fundi. Haya, simama nifunge taarifa."

"Marahaba." Akavuta goti la kushoto. Goti halikuja.

Nyonga ilikuwa imemsumbua kwa miezi mitatu, naye alikuwa ameificha. Kazini walimwita Fundi Redio, kwa sababu alitengeneza redio mpaka watu walipoacha kuzileta. Kazi hii ya kuanguka kwenye nyumba za wazee aliipata akiwa na miaka sitini, na hakutarajia kupata nyingine. Siku zote aliangukia karibu na meza, apate pa kushika. Leo amejisahau, ameangukia katikati ya jiko.

"Fundi, kifaa bado kinasema uko chini."

"Kuna skrubu imedondoka."

"Sawa, ila zikipita dakika mbili mashine yenyewe inaita gari la wagonjwa. Siwezi kuizuia."

Gari likija, msimamizi atapata habari kabla halijazima injini. Mwezi uliopita alimwondoa fundi mwingine kwa sababu ya mgongo. Fundi Redio alisukuma sakafu kwa viganja. Mabega yakainuka, kiuno kikabaki. Jasho lilimwingia jichoni. Alisikia kandambili zikiburuzwa kuja kwake.

"Skrubu iko wapi?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi Redio alisukuma sakafu tena.

"Acha pupa. Lala ubavu. Huo wa kulia, ulio mzima." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyezoea kutiiwa. Akamsogezea kiti kwa mguu. "Sikushiki, nikikushika tutakuwa wawili chini. Kunja goti. Mkono kwenye kiti. Sasa pumua, halafu panda."

Alipanda. Kiti kililia, meno yakagongana, lakini alisimama.

"Sasa kinasema umesimama," alisema msichana wa kituoni. "Kazi njema, fundi."

Bibi alirudi kukaa, akamtazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Kile cha bafuni usikifunge," alisema. "Andika umefunga. Na mimi hapa sikuona kitu."

Lilikuwa jambo jepesi. Nani angepanda ngazi kukagua? Fundi Redio aliokota boksi la kifaa cha pili akaenda bafuni, akijiambia anakwenda kutazama tu. Chuma cha kutundikia taulo kilikuwa kinaning'inia kwa skrubu moja. Akapitisha kidole kwenye tundu la ile nyingine. Plasta ilikuwa imechanika kuelekea chini, na unga wake ulikuwa bado mweupe pembeni mwa sakafu. Taulo halivuti hivyo.

"Hiki kimeng'oka lini, mama?"

"Cha zamani hicho."

"Mama."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia dirisha, si yeye. "Alhamisi," alisema. "Tangu asubuhi mpaka jua lilipogeukia upande huu. Nimewainua wangapi mimi? Hayo niliyokuambia nilijiambia mwenyewe, ubavu, goti, na sakafu ina maji, nateleza tu." Akashika fremu ya mlango. "Mwanangu akijua, kesho yake yuko hapa na gari. Nitakwenda kuwa mgeni kwenye chumba cha wajukuu."

Fundi Redio alitoa kifaa kwenye boksi, akachomeka drili.

"Nitakifunga," alisema. "Hakipigi picha, kinajua tu kama mtu amesimama au yuko chini. Ukitaka kunishtaki kazini, namba iko kwenye boksi."

Kelele za drili zilijaa bafuni. Alipomaliza kufunga, bibi hakuwa ameligusa boksi.

"Nacho kinataka mtu aanguke?" aliuliza.

"Kinataka."

Wote wawili waliangalia vile vigae vyenye unyevu.

"Hapa hulali wewe," bibi alisema. "Msimamizi wako anajua hiyo nyonga?"

"Hajui. Na mwanao anajua nini?"

"Anajua mimi ni chuma."

Fundi Redio alicheka bila kutaka, na bibi naye akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akajifuta mdomo, akaenda sebuleni akishika ukuta. Zilisikika namba za simu zikibonyezwa polepole, moja moja.

Fundi Redio alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Alifuta unga wa plasta kwenye simu yake kwa kidole gumba, akatafuta jina, akabonyeza.

"Mwanangu," sauti ya bibi ilitoka sebuleni, "hebu kaa kitako kwanza."

"Fundi Redio!" msimamizi aliitika sikioni. "Umemaliza?"

"Bado, bosi. Naomba unitumie mtu wa kuanguka. Mimi siwezi tena."

Upande wa pili akasikia mlango wa ofisi ukifungwa taratibu.