Vibao vya Deeq na Rooda

Watu husema plastiki haiozi. Waje Lodwar. Hapa jua huitafuna mpaka tangi la maji linavunjika kama biskuti, na mimi, Atiir, ndiye ninayeulizwa kwa nini. Kwenye maabara ya chuo nina taa ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Plastiki iliyoliwa na jua hung'aa chini yake, rangi ya maziwa. Iliyokuwa imefunikwa hubaki na giza.

Ndiyo maana Faiso alinijia kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na vibao viwili vilivyokatwa kwenye mtungi mweupe. Vilikuwa vya makaburi: cha mwanawe Deeq, na cha Rooda, binti wa jirani yake Samsam. Kipindupindu kiliwachukua wote wawili siku ileile. Jua lilikuwa limefuta majina, naye alitaka yaandikwe upya.

"Hii ya uzi mwekundu ni ya Deeq," alisema. "Mimi kusoma sijui, dada, lakini kaburi yake najua. Kila Ijumaa nakaa katikati ya hizo kaburi mbili, naangalia yake."

Nikafunga madirisha, nikawasha taa. Kibao kikang'aa, na pale wino ulipokuwa umekinga plastiki herufi zikajitokeza nyeusi. ROODA.

Nilitamani kudanganya. Nani angejua? Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Mama, hiki kimeandikwa Rooda."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Nikaweka cha pili, nikamsomea jina la Deeq herufi kwa herufi. Akakaa sakafuni.

"Wanaume ndio walizika," alisema polepole. "Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Wakatuambia Deeq iko upande wa kulia. Lakini wao walikuja na njia ya juu. Sisi tulikuja na ya chini."

Nilihisi uchungu hadi nikakasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Samsam alishahamia Amerika, akimwachia Faiso kaburi la binti yake alitunze. Faiso akampigia simu palepale. Waliongea Kisomali, nilichoambulia ni jina la Rooda tu.

"Umemwambia?" niliuliza alipomaliza.

"Nimemwambia Rooda hajakosa mtu wa kukaa na yeye, hata Ijumaa moja."

Akaanza kuufungua ule uzi mwekundu. Fundo lilikuwa limekaza, nikamsaidia.

"Na Deeq alikuwa hapo hapo nyuma yangu," alisema. "Miaka yote hii, dada, nimempa mgongo."